Siku Nana Aliposimama

Jiwe la marumaru lilichongwa kwanza, kabla Darasa la Mtandao lenyewe halijafunguka hata mara moja kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Liliandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba darasa limezinduliwa rasmi, na chini yake jina la Msajili wa Chuo, Profesa Ato Essilfie-Conduah, pamoja na shahada zake zote, mpaka ile aliyotunukiwa na kanisa la shemeji yake. Kisha likazuka swali ambalo hakuna kamati iliyolifikiria: libandikwe wapi? Darasa la mtandao halina ukuta. Jiwe likazungushwa kwa toroli kutwa nzima, na mwisho likabandikwa kwenye vyoo vya maktaba, kwa kuwa huo ndio ukuta pekee uliopakwa rangi mwaka ule.

Kila aliyekwenda haja alilisoma. Hakuna andiko la Chuo lililopata wasomaji wengi kama hilo.

Araba Tandoh naye alilisoma, akaenda zake bila kusema neno. Hiyo ndiyo tabia yake. Alikuwa msaidizi katika ofisi ya elimu ya masafa, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye sauti ya kuombwa irudiwe, na kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa magunia. Alipakia masomo yaliyochapwa kwenye magunia ya unga, akayakabidhi kwa madereva wa mabasi ya kaskazini, na baada ya wiki mbili magunia yalirudi na majibu ya wanafunzi. Yalirudi pia na karanga, na siagi ya mbegu za mti wa shea iliyofungwa kwenye majani. Wanafunzi wale walikuwa walimu wa shule za msingi, waliosomea diploma ya malezi ya watoto wadogo huku wakifundisha. Araba hakuwahi kuwaona. Aliwajua kwa miandiko yao.

Sasa Profesa alikuwa ametangaza kwamba magunia yamekufa.

Uzinduzi ulifanyika mwezi Februari, chini ya maturubai manane na bendi ya tarumbeta. Pwani ile kitu hakijazinduliwa mpaka kimenadiwa. Kitabu kikitoka, nakala ya kwanza hunadiwa kwa wakubwa. Albamu ya kwaya ikitoka, vivyo hivyo. Kwa hiyo Chuo, ambacho kingepaswa kuwa na akili kuliko kwaya, kikanadi nafasi za darasani.

"Nani mwanafunzi namba moja?" mshereheshaji alipiga kelele. "Namba moja haiendi kwa mtu mdogo! Nasikia mbunge! Nasikia mchungaji!"

Namba moja ilikwenda kwa chifu wa mji, Nana Egyir Bentum wa Tatu. Namba mbili ikaenda kwa mbunge, namba tatu kwa mchungaji wa kanisa kubwa, namba nne kwa malkia wa wauza nyanya. Wakaendelea kuvishana vilemba vya ukoka hivyo hivyo hadi sitini, wanafunzi wa heshima wote, na Araba akakaa pembeni na laptop akiyaandika majina moja moja huku jasho likimtiririka mgongoni.

Katikati ya hotuba ya Profesa, Nana alisimama. Alikuwa mzee wa miaka sabini na sita na alikuwa amekunywa maji mengi. Alitaka tu kwenda haja. Lakini chifu akisimama hakuna anayebaki amekaa. Watu mia nne wakainuka. Wapiga tarumbeta wakainuka. Mbunge aliyekuwa akisinzia akainuliwa kwa kiwiko. Profesa akabaki mdomo wazi kwenye sentensi ya kumi na moja, na wote wakasimama kwenye joto, kimya, dakika tisa nzima, mpaka Nana aliporudi akiwa amesoma jiwe lote, akaketi. Ndipo nao wakaketi.

Araba aliicheka siku ile ndani kwa ndani, kisha akaisahau.

Tatizo lilijitokeza mwezi Juni, Jumanne, siku tatu kabla ya mtihani wa mwisho. Chuo kilikuwa kimenunua nafasi mia tatu. Wanafunzi wa vituo vya pwani walikuwa mia mbili na arobaini. Waheshimiwa, sitini. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeiona inakoelekea, ila haikuwa imepelekwa kwa mtoto wa darasa la pili. Ilipelekwa kwa kamati. Kituo cha Nakpanduri, kule juu kabisa kaskazini, kilikuwa kimeachwa kwenye magunia hadi dakika ya mwisho. Majina yake arobaini na manne yalipoingizwa, mtambo ukayakataa yote.

Simu ililia saa nne asubuhi. Aliyepiga alikuwa Lamisi Duut, mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye mwandiko wa herufi kubwa zilizolala. Araba aliusikia upepo nyuma yake. Lamisi alikuwa amepanda ukingo wa jabali, mahali pekee penye mtandao.

"Madamu Araba, hili darasa lenu limenijibu, 'Samahani, darasa limejaa.' Nikasema labda nimekosea. Nimejaribu mara tano. Linajaaje darasa lisilo na benchi? Mimi langu lina watoto tisini na wawili, na akija mwingine nawasogeza."

"Pole, dada Lamisi. Nitaangalia."

"Angalia vizuri, mdogo wangu. Barua ya elimu ya wilaya unaijua. Asiye na cheti mwisho wa mwezi huu, anatoka darasani. Nina miaka tisa humu. Ijumaa nisipofanya, ni mwakani, na mwakani darasa langu litakuwa la mtu mwingine. Au halitakuwa la mtu yeyote, maana nani atakuja huku?"

Araba alishuka chumba cha mitambo. Mkuu wake, Mzee Dadzie, alikuwa anakula dokono la unga wa mahindi na samaki wa kukaanga juu ya mashine ya kuchapia.

"Mzee, Nakpanduri wote wako nje."

"Najua, binti."

"Hawa waheshimiwa hawafanyi mtihani. Si tuwaondoe Ijumaa asubuhi, kwa muda wa saa tatu tu, kisha tuwarudishe?"

Dadzie aliramba pilipili kidoleni, akautazama mlango, akainuka. "Njoo. Kaa kwenye kiti changu. Namba moja ni nani?"

"Nana Egyir Bentum."

"Haya, bofya. Bofya wewe! Kidole chako, siyo changu. Kesho wakiuliza nani kamwondoa Nana, nitasema ni yule binti wa magunia. Mpole, hana sauti, lakini lo, ana kidole!"

Araba hakukaa. "Basi Nana abaki, tuwaondoe wengine."

"Mbunge? Uchaguzi ni mwakani. Mchungaji? Mke wangu anaimba kwaya kwake. Malkia wa nyanya? Utakula mchuzi wa nini wewe?" Akarudi kwenye samaki wake. "Nimebakiza miezi kumi nistaafu, mwanangu. Nenda kwa Prof."

Profesa Essilfie-Conduah alimpokea kwa tabasamu la mtu anayepigwa picha. Ofisini mwake palikuwa na picha yake mwenyewe akizindua bomba la maji, nyingine akizindua lango, na kubwa kuliko zote akizindua Darasa la Mtandao, mkasi mkononi, akikata utepe uliofungwa kwenye laptop.

"Ongeza sauti, binti, sikusikii."

Araba akaongeza. Aliomba nafasi zaidi zinunuliwe. Bajeti, Profesa alieleza, ilikuwa imeelekezwa kwenye uhamasishaji, na Araba akakumbuka maturubai manane. Aliomba watu wa Nakpanduri wapewe mtihani wa karatasi.

"Karatasi!" Profesa alishtuka kana kwamba limetajwa tusi la mama. "Nimeshaiandikia wizara kwamba tumefika asilimia mia. Mia, binti. Karatasi moja tu ikionekana, tumeshuka tisini na tisa."

"Basi wale wa heshima, Prof..."

"Unajua inachukua miaka mingapi kumweka chifu? Kuna koo hazisemezani hadi leo kwa kesi ya nani akae na nani aondoke. Wewe unataka kumwondoa chifu kwa kompyuta, kabla ya chakula cha mchana!"

"Kuna mwalimu mmoja, Prof, ana watoto tisini na wawili. Asipofanya Ijumaa, anaondolewa."

"Atafanya mwakani. Elimu haina mwisho."

"Mwakani hatakuwa mwalimu tena."

"Basi atakuwa na muda wa kusoma," alisema Profesa, akaangalia saa. Alikuwa anakwenda kutoa mada juu ya elimu isiyomwacha mtu nyuma.

Araba alitoka amekunja vidole. Aliingia chooni pale maktaba alie kidogo, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, na hapo mlangoni akakutana tena na lile jiwe. Akalitazama. Akamwona Nana akilisoma kwa utulivu, na watu mia nne wakimngoja kwenye joto wamesimama kama miti.

Machozi yakakauka yenyewe.

Jumatano asubuhi alinunua chupa ya schnapps, pombe kali ya kuwapelekea wakubwa, maana mikono mitupu haiingii ikulu ya chifu, akavua viatu kwenye kizingiti. Ndani ya ua walikuwapo wazee saba, na mwanamke mmoja aliyekuja na kesi ya mbuzi. Kando ya Nana alisimama msemaji wake, Okyeame Sekyi, na fimbo yake yenye kichwa cha dhahabu. Mtu hasemi na chifu. Husema na msemaji, na msemaji ndiye anayempa chifu maneno, hata kama chifu amekaa hatua mbili tu kutoka hapo na masikio yake mazima. Wageni wengi hulichukia jambo hilo. Kwa Araba lilikuwa rehema: kumnong'oneza mzee mmoja aliweza.

Kabla hajafungua kinywa, Nana akasema, "Msemaji, muulize kama amekuja kwa ajili ya swali la saba."

Araba hakuelewa. Nana akaitoa simu chini ya vazi lake la kujitanda. Kioo chake kilikuwa na ufa, na waya wa chaji ulipita nyuma ya kiti cha enzi hadi ukutani.

"Zoezi la kumi na moja," alisema, akivaa miwani. "'Mtoto wa miaka mitatu anajitupa chini sokoni na kulia. Mlezi afanye nini? Ampuuze. Amkemee. Amwoneshe kitu kingine. Amtajie hisia zake.' Nimechagua amwoneshe kitu kingine. Nina wajukuu ishirini na watatu, nimewanyamazisha wote kwa andazi. Mashine imenipiga mkasi! Inataka nimtajie hisia zake. Msemaji, muulize binti: ni nani katika soko la Mankessim amewahi kumtajia mtoto hisia zake? Nimeandika malalamiko mara tatu. Hakuna anayejibu."

Chuo kizima hakuna aliyewahi kufungua kuona kama mheshimiwa yeyote anasoma, maana hakuna aliyedhani wanasoma. Na hamsini na tisa kweli hawakusoma. Huyu mmoja alikuwa amemaliza masomo yote kumi na moja.

Kumwondoa mwanafunzi wa jina tu kungekuwa kazi rahisi zaidi.

"Msemaji," Araba alinong'ona, "naomba Nana atoke darasani."

Okyeame Sekyi alikohoa, akageuka. "Nana, binti ameleta neno lenye miiba. Amelifungia pamba, lakini mwiba ni mwiba. Anasema kiti ulichopewa kule Chuoni kina mtu chini yake."

Wazee wakaguna. Mwanamke wa mbuzi akasema, "Ee!"

Araba akaeleza yote, kidogo kidogo, na msemaji akayapanga kwa uzuri kuliko alivyoyasema. Nafasi mia tatu. Watu arobaini na wanne. Ijumaa. Nana alivua miwani taratibu.

"Kwa hiyo niliitwa kuwa pambo," alisema. Hakumwambia msemaji, alisema tu. "Mimi nilidhani nimeitwa kusoma. Nimeukataa msiba wa Saltpond kwa ajili ya huo mtihani. Msiba mkubwa, wa watu wangu wenyewe. Nikawaambia Ijumaa nina shughuli Chuoni. Walinicheka." Akamgeukia msemaji. "Na mimi si mtu wa kufeli. Mwambie."

"Nana anasema si mtu wa kufeli."

"Najua," alisema Araba.

"Huyo mwalimu wa kaskazini. Anajua kazi? Au naye anatafuta cheti cha kutundika?"

Araba akaitoa simu yake, akawasha spika. Jumatano ilikuwa siku ya soko Nakpanduri, siku ambayo madarasa hubaki matupu. Lamisi angekuwa juu ya jabali akijaribu tena. Ikaita mara moja.

"Madamu! Wamefungua?"

"Bado, dada. Nina mzee hapa ana swali." Akamsomea lile la saba, bila kumsomea majibu.

"Mtoto wa miaka mitatu? Ningemwangalia mguu kwanza," alisema Lamisi bila kufikiri. "Mtoto akijitupa chini sokoni, mara nyingi amekanyaga kitu. Wangu mmoja wiki iliyopita kapiga kelele nusu saa, wote wanasema ana kiburi, amerithi kwa baba yake. Mwiba, Madamu! Mwiba wa mgunga, umeingia mpaka ndani. Huyo mzee ni nani, mkaguzi? Mwambie asinikate maksi."

Okyeame Sekyi alifungua kinywa arudie. Nana akainua mkono.

"Nimesikia."

Akaivaa tena miwani, akalisoma swali upya, mdomo ukitembea. Ua wote ukangoja.

"Mguu haumo," alisema mwishowe, kwa hasira. "Wameweka majibu manne, na mguu haumo! Maprofesa wangapi waliandika hili?"

"Wanne, Nana," alisema Araba, akisahau kabisa kupitia kwa msemaji.

Nana aliichomoa simu kwenye chaji, akaiweka chini. Kisha akashika mikono ya kiti, akasimama. Wazee saba wakasimama. Mwanamke wa mbuzi akasimama, na mbuzi akavutwa kamba. Nje ya uzio, mchoma samaki aliyeona vichwa vikiinuka akasimama naye, uma mkononi.

"Msemaji," alisema Nana, "mwambie binti aende akaseme huko kwao kwamba Nana amesimama."

Hakukuwa na haja ya Araba kusema. Habari ilimtangulia. Alipofika ofisini, katibu wa mbunge alikuwa kwenye simu ya Dadzie, anafoka: kwa nini jina la mheshimiwa bado limekaa wakati Nana amesimama? Ni nani anayetaka kumgombanisha mheshimiwa na ikulu? Dadzie alibofya hata kabla ya kumeza mate. Mchungaji alituma ujumbe kwamba Roho alishamwelekeza tangu Jumapili. Malkia wa nyanya alikuja mwenyewe, pande la mtu ndani ya kitenge, akasimama mbele ya kompyuta mpaka akaliona jina lake likifutika.

"Lifute vizuri," alisema. "Nisije nikaambiwa nilikaa kwa makalio ya kiburi!"

Hadi Alhamisi adhuhuri wote sitini walikuwa wametoka, wengine wakigombana nani alitoka kabla ya nani. Alasiri Profesa Essilfie-Conduah alitoa tangazo kwa vyombo vya habari kwamba Chuo kimebuni Mpango wa Kupisha, wa kwanza wa aina yake kusini mwa Sahara. Alitaja watu kumi na wanne wa kushukuriwa. Nana alikuwa wa kumi na moja. Araba hakuwamo, na fundi wa marumaru alionekana akipima ukuta wa vyoo, upande wa wanawake.

Ijumaa saa nne kamili, Araba alikaa mbele ya kioo akitazama majina ya Nakpanduri yakiwaka moja moja. Arobaini. Arobaini na mawili. Jina la Lamisi liliwaka, likazimika, likawaka tena, na Araba akajikuta ameshika ukingo wa meza kana kwamba yeye ndiye aliye juu ya jabali. Lilikaa hivyo hadi saa saba. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu: "Nimemaliza Madamu. Swali la tisa la kijinga sana. Narudi darasani, nimewaachia mtoto mkubwa wa mwalimu mkuu awasimamie, na huyo naye hajui hata kujisimamia."

Mtihani ulipofungwa, Araba aliuchapa kwenye karatasi. Nakala moja. Alichukua gunia la unga lililokuwa limekunjwa chini ya meza, akaitia ndani karatasi hiyo moja, akalifunga kamba kama alivyozoea, akalipeleka ikulu kwa miguu.

Jumatatu asubuhi Okyeame Sekyi aliingia ofisini na fimbo yake ya dhahabu mkono wa kulia na gunia mkono wa kushoto. Dadzie akasimama upesi, akamwaga chai.

"Nana anasalimu," alisema msemaji. "Anasema amekaa kwa muda wa saa tatu, hakunyanyuka, na hakuna aliyemsaidia. Mimi ni shahidi. Hata mimi sikuruhusiwa kunyanyuka."

Ndani ya gunia mlikuwa na karanga za kukaanga, na mtihani. Araba aliusahihisha siku hiyo hiyo kwa kalamu nyekundu, ingawa hapakuwa na mahali popote katika Chuo kile pa kuyaandika matokeo yake. Swali la tisa lilikuwa la mtoto anayekataa kuingia darasani siku ya kwanza, na majibu manne chini yake. Nana hakuzungushia hata moja. Alikuwa amechora mstari wake mwenyewe, wa tano, kwa mwandiko wa shule za zamani: Aulizwe kwanza mwalimu kama kuna nafasi.

Araba akampa maksi zote.